Kinyago cha Mjomba Kwenye Jalada

Miaka ya vita, mjomba wangu alitembea kwa miguu kutoka Pangi mpaka kwetu Mikelenge akiwa na kifurushi kimoja tu. Wenzake walikimbia na sufuria na kuku; yeye alikimbia na kinyago kidogo cha pembe, alichokabidhiwa na wazee wa chama cha mila. Kwa desturi yao, mtu asiyeingizwa chamani haruhusiwi kukiona, na mtunzaji akikiacha kionwe anavuliwa heshima yote, hata ya kuzikwa.

Baada ya wiki mbili akarudi kumtafuta mkewe. Kifurushi aliniachia mimi, kwa kuwa nilikuwa msomi wa nyumba.

"Usifungue," alisema. "Weye haujaingia."

Nilifungua siku ya tatu, saa nne asubuhi, mama akiwa mtoni. Nikakichora kinyago kwenye daftari la jiografia, nikakifunga tena. Aliporudi na mkewe akaniuliza:

"Ulifungua?"

"Hapana, mujomba."

Akanishukuru. Shukrani hiyo inaniuma mpaka leo.

Baadaye nikawa mwalimu wa chuo, nikaandika kitabu kuhusu fikra za baada ya ukoloni. Sura ya nne ilinivimbisha kichwa: humo niliwachapa Wazungu waliobeba vitu vya mababu zetu wakaviweka nyuma ya vioo, kila mpita njia avitazame. Serikali ya jimbo ilikuwa na fungu la sanaa za Maniema, ikakubali kugharamia uchapaji. Ila ofisi ya utamaduni ilitaka jalada lenye kitu cha hapa kwetu kisichowahi kuonekana popote. Nilikuwa nacho. Nilijiambia mchoro si kinyago chenyewe, na nikaweka hata tanbihi ndefu ya kuutetea upumbavu huo.

Siku ya uzinduzi mjomba alikaa mstari wa mbele, mahali pa marehemu baba yangu. Vitabu vilipogawiwa, alilitazama jalada kwa muda mrefu, kisha akakilaza kitabu magotini kifudifudi na kukifunika kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa mbele ya watu nasoma sura ya nne. Nilimwona, na nikaendelea kusoma. Watu wakapiga makofi.

Walipokwenda kwenye vinywaji nilimfuata. Nikasema samahani.

"Wazee waliniuliza kama kuna muntu alikiona," alisema polepole. "Nikaapa hakuna, sababu weye uliniambia hapana. Kesho naenda Pangi, niwaambie mwenyewe."

Nikamwomba twende wote, nikaseme kosa ni langu.

"Kosa njo lako," alisema. "Kiapo njo changu."

Kitabu chake alikuwa amekiacha kitini, kifudifudi. Akaomba nakala moja ya kuwaonyesha. Nilitoa mpya kwenye katoni, na kwa mazoea ya siku ile nikashika kalamu nimwandikie neno ukurasa wa kwanza.

"Acha tu," alisema. "Jina lako iko juu yake tayari."