Fundi Winchi na Pampu Ndogo

Kila mwenye gari la kuvuka mito na kupanda milima alikuwa na namba ya Fundi Winchi, na hakuna hata mmoja aliyejua anakaa wapi. Wangejuaje? Walimpigia mchanga ukiwa umefika kwenye ekseli, akaja na gari lake kuukuu lenye winchi mbele, mashine ya kukunja waya wa kuvutia, akawavuta. Wakishatoka, asante nyingi, kwaheri, vumbi. Tena tusiwalaumu bure, maana na yeye alikuwa vilevile: kwenye simu yake hapakuwa na jina la mtu. Aliwahifadhi kwa gari na mahali lilipozama. Pikapu Nyeupe Bondeni. Lori la Mbao. Jipu Kijani Mtoni.

Alikaa chumba na sebule nyuma ya gereji. Tangu mkewe afariki, upande wa marehemu kitandani alikuwa amelaza kamba za kuvutia magari. Ukimuuliza, atakwambia ni panya, sakafuni wanazitafuna. Panya walikuwepo kweli, lakini kabati nalo lilikuwepo, tena tupu. Binti yake aliolewa mbali, na alipiga simu sikukuu kwa sikukuu: hujambo baba, unakula vizuri, jitunze baba. Fundi akabaki ameshika simu sikioni hata baada ya kukatwa.

Kasoro yake ilikuwa moja, mdomo. Mwingine angevuta gari na kwenda zake. Yeye wapi! Alimsimamisha dereva juani akamsomesha. Ukihisi linazama, ondoa mguu kwenye mafuta, maana kila ukikanyaga unajichimbia. Shuka, utazame. Punguza upepo mpaka tairi litanuke tumbo. Fukua mbele ya magurudumu, siyo nyuma yake, kisha uchomeke mbao. Waya wa winchi utandikie koti zito katikati, ukikatika uanguke chini usije ukakufyeka miguu, na watu wakae mbali kuliko urefu wa waya wenyewe. Alisema hayo yote kwa raha, kwa sababu mtu aliyekwama hana pa kwenda, lazima akusikilize.

Basi watu wakasikia, wakashika. Wakanunua koleo, wakachonga mbao, wakajifunza. Simu ikaanza kupungua, ikapungua, hadi ikawa anaichomoa mfukoni kuangalia kama imezima. Shida haikuwa chakula, gereji ilimpa vibarua vya kutosha. Shida ilikuwa sauti za watu.

Jumamosi moja mchana alitoka kuijaribu winchi, ndivyo alivyojiambia, akashuka kwenye mto mkavu upande wa shule. Akili ilikuwa mbali. Akaingia mchangani na matairi yamejaa upepo wote, kosa alilowakemea watu miaka nenda miaka rudi, na gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Akacheka peke yake. Kisha kicheko kikamwisha.

Kujitoa alijua. Mti wa kufungia waya hapakuwa nao, lakini tairi la akiba lilikuwepo: unalifukia mbele, unalifunga waya, winchi inakunja waya, gari linajivuta lenyewe. Alishafanya hivyo peke yake mara nyingi. Akachukua koleo, akalitazama, akaliegemeza mlangoni. Hivi mimi nikikwama, nani atakuja? Akatoa simu.

Pikapu Nyeupe Bondeni alipokea haraka. "Fundi! Leo sijakwama, asante," akakata. Fundi akapiga kwa Lori la Mbao. Huyo alimwambia kwa adabu zote kwamba siku hizi ana winchi yake, kazi ikitokea atamkumbuka. Wa tatu hakupokea. Fundi aliona aibu hata mbele ya mchanga. Akasema ngoja nipige ya mwisho, kisha nichimbe.

Jipu Kijani Mtoni alikuwa mwalimu wa kike wa shule ile ya kando ya mto. Safari hii Fundi hakusubiri kusalimiwa.

"Mwalimu, ni fundi wa winchi. Nimezama mtoni."

"Usikanyage mafuta," mwalimu akasema. "Nakuja."

Alikuja kweli, amevaa nguo zake za kufulia, mikono ina povu, na matairi ya jipu ameshayapunguza upepo. Alisimamisha jipu lake mahali pagumu, akashuka, akalizunguka gari la Fundi huku anatazama, kama alivyofundishwa. Akaona matairi yamejaa. Akaona winchi haijafunguliwa, na tairi la akiba liko palepale, na koleo kavu halina chembe ya mchanga. Alikuwa mtu wa kusahihisha madaftari, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Fundi, hili si ungelitoa mwenyewe?"

Fundi alitaka kusingizia mgongo. Ulimi ukakataa. "Ningelitoa," akasema. "Nilitaka kuona kama kuna mtu atakuja. Nimechoka kukaa peke yangu, mwalimu."

Mwalimu hakumpa pole. Alikunja mikono ya gauni. "Basi nimeshakuja. Shika koleo."

Wakapunguza upepo, wakafukua, wakachomeka mbao, na gari likatoka taratibu bila hata winchi. Mwalimu akasema ameacha nguo kwenye beseni. Fundi akaitikia ndiyo, ndiyo, akamfuata nyuma mpaka penye lami, na moyo ukamshuka, maana kwenye lami ndipo watu huagana.

Lakini lami haiendeki na matairi yaliyolegea, ni lazima kujaza. Fundi akavuta pampu yake kubwa kutoka nyuma ya kiti, ile inayojaza tairi kabla hujamaliza kupiga chafya. Mwalimu naye alikuwa na yake, kidude kidogo cha kuchomeka kwenye jipu, kinachokoroma muda mrefu na upepo hauonekani. Aliitazama ile kubwa, akamtazama Fundi.

"Hiyo yako irudishe," akasema. "Ina haraka mno. Tutumie yangu."

Akaichomeka kwenye tairi la kwanza la Fundi, wakakaa ukingoni mwa barabara, matairi yote ya magari mawili yakiwangoja.