Gawio liliingia kwenye simu, nikajua hisa za mama zimeuzwa

Wakuu, salaam zenu. Anayedhani naleta chai apite tu, simlaumu. Haya yamenikuta mwenyewe, na mpaka naandika hapa kichwa hakijatulia.

Mimi ni fundi simu Kilwa Masoko. Mama yangu yuko Kitomanga, mjane, analima korosho. Msimu uliopita alipolipwa akataka kuezeka nyumba yake bati. Amechoka kubadilisha makuti.

Mimi mjuaji nikamwambia asubiri, kwanza tununue hisa kupitia dalali. Nilishaangalia video mbili tatu za hisa mtandaoni, nikajiona mchumi.

Akaniuliza kitu kimoja tu: "Huyo dalali wako siyo kangomba?"

Kwa wasiojua, kangomba ni wale wanaopita majumbani kununua korosho kwa magendo, bei ya kutupa. Nikamwapia kuwa dalali wa hisa ana leseni. Akanipa pesa yote ya bati.

Tukanunua hisa za kampuni moja, kila kitu kwenye app. Kuanzia hapo ni maluweluwe. Leo bei imepanda, kesho imeshuka, keshokutwa haijatikisika, na sijui nifurahi au nilie.

Wakuu, mimi nimekulia kwenye korosho. Kule unapeleka mzigo ghalani, mnasubiri mnada, wakulima mkikubali bei mzigo unauzwa, pesa inaingia. Ukiona pesa imeingia, ujue mzigo umeshaondoka.

Basi na mimi nikawa nasubiri mnada. Msinicheke.

Siku moja nabadilisha kioo cha simu ya mteja, SMS ikaingia. Pesa, kutoka kwenye zile hisa. Haitoshi hata bati za jikoni.

Nikajua mnada umepita bila mimi kuwepo, na mzigo wameuchukua kwa bei ya kangomba.

Nikampigia mama palepale. "Shikamoo mama. Zile hisa zimeuzwa. Tumepigwa."

Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi. Ngoja nitafute makuti mapema, mvua zisinikute."

Hakunilaumu hata kidogo. Bora angenitukana, wallahi.

Nikampigia dalali kwa hasira. Dada wa watu akanisikiliza mpaka maneno yakaniishia. Akasema hisa zako zipo zote, hilo ni gawio, kampuni imepata faida inawagawia wenye hisa.

"Mnanilipaje na mimi sijauza kitu?"

Akaeleza tena. Nikamwambia nimeelewa. Uongo mtupu, sikuelewa.

Mwisho wa wiki nikaenda Kitomanga kumweleza mama. Nikamwaga gawio, mtaji, faida, vyote. Yeye anabangua korosho zake za kula, hanitazami. Mwishowe akanikatiza.

"Kwani wewe ulinunua korosho au mikorosho?"

Nikawaza weee. "Mikorosho, mama. Yaani kipande cha shamba la watu."

"Sasa si tumevuna kidogo na miti ipo? Ulinitia presha ya nini?"

Wakuu, nilipumua. Kwa mara ya kwanza nikahisi naelewa hisa. Raha yenyewe haikudumu, maana mama alikuwa hajamaliza.

"Na salfa nani anapuliza?"

Huku kwetu mkorosho usipoupulizia dawa ya salfa, ugonjwa unakula maua na huvuni kitu. Kwa hiyo mama anauliza hiyo kampuni inaendeshwa na nani, na wanaihudumia vipi.

Sijui, wakuu. Niliichagua kwa sababu tangazo lake nalisikia redioni kila asubuhi.

Nilichojifunza ni kwamba nilinunua kipande cha shamba bila kuuliza nani analihudumia, tena kwa pesa ya mtu asiye na paa la maana.

Nyumba ya mama bado ni ya makuti. Amesema hisa zikae, ila msimu ujao anataka jibu lake.

Wenye uzoefu, hilo jibu mnalitafutaje? Kejeli nazipokea pia, ila tuanze na swali la mama.