Ramani Juu ya Kahawa

Nikinusa kahawa inayokauka juani, vidole huanza kuniwasha. Siku moja utotoni, mjomba alikuwa anarudi mjini jioni na simu yake. Mimi na dada tulitaka kuliua joka la chini kabisa pangoni, kwenye gemu, kabla hajaondoka nayo. Nilicheza mimi, dada alichora kila njia kwa kidole juu ya kahawa ya bibi iliyoanikwa kwenye turubai, ili tukifa tusipotee.

Tulikufa. Tukaanza upya, nikafuata ramani, nikagonga ukuta.

"Umechora uongo, kichwa boga!"

"Wewe ndiye hujui kushoto!"

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani wajomba, hilo pango linajipanga upya kila mkiingia!"

Bibi akatokea na reki. "Nani kachimba mitaro kwenye kahawa yangu? Geuzeni!"

Nilitaka kufuta haraka, tucheze tena. Dada akaishika reki.

"Acha kwanza. Labda mjomba akirudi litajipanga hivi hivi."

Mjomba akaondoka na simu yake, joka likiwa zima.

Leo nageuza kahawa peke yangu. Nimebakiza kipande kimoja, nikachora njia inayokata kushoto.