Mahindi ya Baba Mdogo Saidi

Siku ile barazani kwetu, juu ya Mlalo, tulikuwepo mimi, wadogo zangu Rehema na Juma, jirani yetu Baba Mdogo Saidi, na dada mmoja mwandishi kutoka Dar es Salaam. Hadi leo, nikisikia punje kavu zikidondoka kwenye ungo, namwona kila mmoja pale alipokaa.

Baba yetu alikwenda vita vya Kagera, hakurudi. Mama naye alipofariki, mimi kifungua mimba niliacha shule nikiwa darasa la tano, nikabaki na wadogo zangu na shamba. "Alifia vitani," watu walituambia, basi. Alikufaje, hakuna aliyesema. Baba Mdogo Saidi alikwenda naye, akarudi akichechemea, lakini ukimuuliza habari za vita, yeye anakuuliza kama mbuzi wamekula.

Kila msimu alikuja kutupukuchulia mahindi kabla hajagusa ya kwake. Mkewe alimtania, "Una mke mwingine huko?" Yeye alicheka tu.

Yule dada alikuwa anatunga riwaya ya vita, akitafuta askari wamsimulie walichokiona kwa macho yao. Alimpa Baba Mdogo shikamoo, akamkalisha kwenye kiti chetu cha pekee, akaweka kinasa sauti mbele yake. Baba Mdogo akakakamaa, mikono magotini, kama yuko mbele ya afande.

"Naitwa Saidi. Nilikwenda, nikarudi. Sina malalamiko."

Juma akaangua kicheko, nikamfinya. Niliogopa yule mgeni ataondoka, na habari za baba zitabaki zimefungwa vilevile.

Nyumbani kwetu habari nzito haikusemwa mikono ikiwa mitupu. Ilisemwa kazini, macho yakiwa chini. Nikaburuta kapu la mahindi hadi katikati ya mkeka. "Baba Mdogo, ukungu unapanda. Haya yataoza."

Akashuka kitini. Yule dada alinitazama, akazima kinasa sauti, akaketi mkekani na kuchukua hindi. Punje zake ziliruka hadi kwa kuku.

"Taratibu, mama, kuku wameshakula," Baba Mdogo akamwambia. "Toa mstari mmoja kwanza. Mingine italegea yenyewe."

Walipukuchua kitambo. Kisha dada akauliza, "Kule mvua ilinukaje?"

"Ndizi zilizooza," akajibu, bila kuinua macho. Na hapo akaanza.

Alipigwa risasi ya mguu migombani. Baba yetu akambeba mgongoni kuvuka kinamasi, maji kifuani. "Alinikataza kulala. Nikinyamaza, ananitikisa: 'Saidi, mwaka huu mahindi yangu atapukuchua nani?' Namwambia, 'Mimi.' 'Sikusikii!' 'Mimi, bwana!' Hivyo hivyo mpaka nchi kavu. Akanilaza, akarudi kumfuata mwingine. Sikumwona tena."

Juma, aliyekuwa akicheka, alijisogeza taratibu mpaka bega lake likagusa mkono wa Baba Mdogo. Mimi nilitazama lile rundo la punje, nikaogopa hata kulikanyaga, kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Utotoni nilidhani alikuwa anatusaidia yatima. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa: kila msimu, kwenye kapu letu, alikuwa bado anamjibu baba, asije yeye mwenyewe akalala.

Riwaya ilitoka, dada akatuletea. Macho ya Baba Mdogo sasa hayaoni vizuri, akaniomba nimsomee. Nikamwambia mimi ni wa darasa la tano. "Hata mimi nilibebwa polepole," akasema. Nikaahidi.

Basi kila msimu wa mahindi nakwenda kwake na wanangu. Wao wanapukuchua, mimi nasoma, kidole chini ya kila neno. Tumeshafika migombani. Lakini kila nikifungua ule ukurasa wa kinamasi sauti inanikwama, naye ananitikisa goti: "Mwanangu, sikusikii."

Huwa nafunga kitabu, nachukua hindi. Deni la ukurasa ule bado ninalo.