Mashine ya Kusagia ya Bwenini

Leo nimesimama kwenye foleni ya kusaga mahindi, na harufu ya unga wa moto imenirudisha bwenini, kule Mbulu, enzi za Waingereza. Tulikuwa wasichana yatima na maskini, tukisomeshwa kwa hisani.

Wafadhili walituletea mashine ya kusagia ya mkono, ili tuache kupiga magoti kwenye jiwe la kusagia kila alfajiri na tuwahi darasani. Hakuna aliyekuja kutuonyesha namna ya kuitumia. Ilitoa chenga tupu, na mlezi wetu akaifunika gunia.

Kasoro yake niliijua. Kabla ya kuletwa shule nilimsaidia kazi mama mwenye duka pale Dongobesh, aliyekuwa na mashine kama ile. Nilimwambia mlezi kwamba skrubu ya ubavuni imelegea.

"Iguse uone," alinijibu.

Siku mfadhili alipokuja, mlezi aliifunua, akaniamuru nizungushe mpini. Mgeni akaniuliza jambo kwa Kiingereza.

"Anauliza kama inawasaidia," mwalimu alitafsiri.

"Shikamoo, bwana. Haisagi. Skrubu imelegea, naomba niikaze."

Mwalimu alimtazama mlezi, kisha akamgeukia mgeni. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini neno la asante nililitambua, na mwalimu alilisema mara mbili.

Mgeni alitabasamu, akanishika kichwa.

Baada ya mavuno, lori lilituletea mashine ya pili. Na mimi, kwa kuwa nilijua kushukuru, nikachaguliwa kuongoza wimbo wa kuipokea.