Nani Alipie Daraja la Kimilili?

Nilikuwa ndani ya basi kutoka Kitale kwenda Bungoma. Chini ya Kimilili tukakuta foleni ya malori ya mahindi na mikokoteni ya ng'ombe, kwa kuwa daraja la mbao hupitisha gari moja moja. Tukashuka, na mabishano yakaanza: daraja pana lijengwe kwa pesa za nani?

"Kila kichwa kitoe shilingi," akasema mwenye lori mmoja, mikono kifuani.

Mama muuza kuku akatua tenga lake. "Ati kichwa? Nikipita mimi, mbao hazilii. Ukipita wewe, tunazisikia mpaka nyumbani. Si tulipe kwa uzito, bana!"

Watu wakacheka. Mwenye lori akayatazama magurudumu yake, naye akacheka. "Haya mama, umenishinda. Nitaleta mawe na lori langu. Na wewe?"

"Nitawapikia mafundi."

Wiki mbili baadaye nilikuta mawe yamerundikwa ukingoni na sufuria ikichemka. Nimekaa katika mikutano mingi ya barabara, yenye viti na chai. Huu wa kusimama ndio pekee nilioona kila mtu akiondoka anaijua kazi yake.