Udi kwenye Choo cha Paka

Paka wangu hakuwa na kasoro mpaka siku ya hitima ya marehemu mama. Sanduku lake la mchanga liko pembeni mwa ukumbi, nami, kwa kuona haya wageni, nikalifukiza udi kama ninavyofukiza nguo. Nikajiona hodari.

Kisomo kikiendelea, mkeka ukanuka mkojo. Nikamnong'oneza jirani yangu, “Bi Zena, mjukuu wako amejikojolea.”

Alimpapasa mtoto, akainamisha kichwa.

Ndipo paka akaingia. Alilinusa sanduku, akapiga chafya, akaja kuchuchumaa juu ya buibui langu mbele ya wanawake wote.

Bi Zena akaniwekea mtoto mapajani.

“Mpakate kikojozi wangu,” akasema polepole, “nikufulie.”